Mfuko wa Norway ukitenga kampuni, nguvu haiko kwenye kuuza hisa

Kila mara mfuko wa pensheni wa Norway unapotangaza kuitenga kampuni fulani, vichwa vya habari huwa vilevile: Norway yauza hisa. Wanaharakati hushangilia, kampuni hutoa tamko la kusikitika, na wiki inayofuata watu wameshahamia jambo jingine. Mimi naona kuuza ndiyo hatua dhaifu kuliko zote katika safari nzima. Hisa ikiuzwa sokoni, yupo aliyeinunua. Kampuni yenyewe haipungukiwi na senti siku hiyo, kwa sababu fedha ya hisa hizo ilishaipata ilipozitoa mara ya kwanza. Kazi ya kweli hufanyika kabla ya hapo, kwenye barua na maswali, nyaraka zinazodaiwa kwa tarehe, kisha ripoti inayowekwa hadharani na kila sababu ikiwa imeandikwa. Anayetaka mfuko huo umfae mlinzi aliyeko Doha, au mkulima aliyepisha bomba la mafuta, inabidi ajue ripoti hiyo inajengwaje na ni wapi huwa inabomoka.

Kwanza mfuko wenyewe. Sheria yake ilipitishwa 1990, fedha ya kwanza ikaingia 1996, na chanzo chake ni mafuta na gesi. Mwaka 2006 ukapewa jina la pensheni, ingawa hakuna mstaafu mwenye akaunti humo wala mfanyakazi anayekatwa mshahara kuuchangia. Ni akiba ya taifa, na serikali hujiwekea kikomo cha kuchota kila mwaka kisichozidi faida halisi inayotarajiwa, ambayo tangu 2017 imekadiriwa kuwa asilimia 3. Mwisho wa 2024 ulikuwa na karibu trilioni 20 za krona, zote zikiwa nje ya Norway, na hisa katika kampuni zaidi ya 8,500. Ukijumlisha hisa zote zilizoorodheshwa katika masoko ya dunia, mfuko huu mmoja unashika kama asilimia 1.5.

Kampuni 8,500 hakuna mtu anayeweza kuzichagua moja moja. Kwa sehemu kubwa mfuko unafuata fahirisi ya soko, yaani orodha ya kampuni inayotumika kupimia soko zima: kampuni ikiingia kwenye fahirisi, mfuko unakuwa mmoja wa wenye kampuni, hata kama hakuna mtu Oslo aliyewahi kusikia jina lake. Ndiyo maana maadili yake yanakwenda kinyumenyume. Unaanza kumiliki, ndipo unauliza.

Mambo hayakuanzia kwenye haki za wafanyakazi. Yalianzia kwenye mabomu ya ardhini. Mwaka 2002 kampuni ya Singapore Technologies ilitolewa kwa sababu Norway ilikuwa imesaini mkataba wa kupiga marufuku mabomu hayo, na isingewezekana serikali iyapige marufuku kwa mkono mmoja na kumiliki kiwanda chake kwa mkono wa pili. Kamati ya Profesa Hans Petter Graver ikatoa ripoti yake 2003, na Novemba 2004 miongozo ya maadili ikaanza kazi pamoja na Baraza la Maadili lenye wajumbe watano na sekretarieti yake. Jambo la busara walilofanya ni kukataa kuchagua maadili kwa kupenda. Walisimama juu ya mikataba ya kimataifa ambayo mataifa mengi yamekwisha kuikubali. Kwa hiyo pombe haimo kwenye katazo, ila tumbaku imo tangu 2010, na makaa ya mawe tangu 2016.

Kwa upande wa mwenendo wa kampuni, miongozo inataja ukiukaji mkubwa au wa kimfumo wa haki za binadamu, ukiukaji wa haki za watu katika vita, uharibifu mkubwa wa mazingira, ufisadi uliokithiri, na kadhalika. Maneno yanayobeba uzito wote ni haya: lazima kuwe na hatari isiyokubalika kwamba kampuni inachangia au inahusika na ukiukaji huo. Hatari ni jambo la mbele. Mahakama huuliza nini kilitokea, lakini Baraza huuliza nini kinaendelea na nini kinaweza kujirudia. Watu wengi wanaopeleka malalamiko hawajui tofauti hiyo, na ndiyo inayowaangusha.

Mfano wake ni kampuni ya Total na bomba la gesi la Yadana nchini Burma. Bomba lilijengwa katikati ya miaka ya 1990. Jeshi lililokuwa likilinda eneo la mradi liliwalazimisha wanakijiji kufanya kazi bila ujira na kuwahamisha. Baraza lilipolichunguza suala hilo 2005 halikupinga kwamba mabaya yalitokea, na halikukubali kwamba kampuni haikujua. Hata hivyo halikupendekeza Total itengwe. Sababu yake ni kwamba ujenzi ulikuwa umekwisha, na halikuona ushahidi wa kutosha kwamba ukiukaji wa aina hiyo ulikuwa bado unaendelea na kampuni ikihusika.

Katika uchambuzi huohuo Baraza lilieleza vipimo ambavyo limeendelea kuvitumia. Lazima kuwe na uhusiano unaoonekana kati ya shughuli za kampuni na ukiukaji. Ukiukaji uwe umefanywa kwa faida ya kampuni au ili kuirahisishia kazi. Kampuni iwe imeshiriki, au imejua na haikufanya la kutosha kuuzuia. Na uwe unaendelea, au kuwe na hatari kubwa ya kutokea tena. Ukikosa kimoja tu, faili linafungwa.

Msomaji wa huku kwetu ataona mara moja hili linagusa wapi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mradi wa bomba una msimu wake wa madhara: tathmini ya ardhi, kusubiri fidia, marufuku ya kupanda mazao ya kudumu kwenye eneo lililopimwa, kuhamishwa, ulinzi wa maeneo ya ujenzi. Bomba likishafukiwa na mafuta yakaanza kutembea, sehemu kubwa ya mambo hayo inageuka historia, na kwa kipimo cha Yadana historia peke yake haitoshi. Mwenye malalamiko ya aina hii aandike wakati tatizo likiwa bado bichi, na kama muda umepita, aoneshe kinachoendelea mpaka leo, kwa mfano fidia ambayo haijalipwa au njia ya maji iliyozibwa na haijafunguliwa. Fidia iliyochelewa miaka mitano na bado haijalipwa ni ukiukaji wa leo. Iliyochelewa ikalipwa ni ya jana.

Bomba hilohilo linafundisha hatua ya pili, kumtafuta mwenye jina sokoni. Mfuko wa Norway hauwezi kuitenga kampuni inayojenga bomba, kwa sababu kampuni hiyo haijaorodheshwa kwenye soko lolote la hisa. Lazima upande juu. TotalEnergies ya Ufaransa, ileile Total ya Yadana, ina asilimia 62, kampuni za mafuta za taifa za Uganda na Tanzania zina asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Kampuni za taifa hazina hisa sokoni, kwa hiyo kwa mfuko ni kama hazipo. Wanaobaki ni wawili. Hapo fungua tovuti ya mfuko, ambako uwekezaji wote umewekwa kwa nchi, kwa kampuni, kwa asilimia na kwa thamani, uangalie kama jina limo. Ni kazi ya dakika tano, na inasikitisha kuona barua ndefu zinatumwa kwa mwekezaji asiye na hata hisa moja ya kampuni inayolalamikiwa.

Usidanganywe pia na umaarufu wa jina. Watanzania wengi wakisikia kwamba kampuni ya dhahabu ya Barrick ilitengwa na mfuko huo Januari 2009, hudhani ni kwa sababu ya mgodi wa North Mara. Hapana. Ilikuwa ni Porgera, Papua New Guinea, ambako taka za mgodi zilikuwa zikimwagwa mtoni, na kigezo kilichotumika ni uharibifu wa mazingira. Baraza huandika sababu moja na kuijenga mpaka isimame. Halikusanyi tuhuma za dunia nzima. Tena kampuni tanzu ikiwa imeorodheshwa kivyake, huwa na faili lake: kampuni ya madini ya Vedanta ilipotengwa 2007, kampuni zake za India zilizokuwa sokoni, Sterlite Industries na Madras Aluminium, zilibidi zitajwe nazo kwa majina.

Sasa tuingie Ghuba, maana huko ndiko vijana wetu wengi wanakokwenda kufanya kazi ya ulinzi. Novemba 2019 mfuko uliitenga G4S, kampuni ya ulinzi iliyokuwa kwenye soko la London, kwa sababu ya hali ya wafanyakazi wahamiaji Qatar na Falme za Kiarabu. Wengi wa waliohusika walitoka Asia ya Kusini, lakini mtego wenyewe Mkenya au Mganda aliyepitia kwa wakala ataujua hata ukimwamsha usiku.

Unafanya kazi hivi. Mtu analipa wakala nyumbani ili apate kazi. Hana fedha hiyo, anakopa kwa riba au anauza shamba. Anafika na kukuta mshahara ni mdogo kuliko ulioandikwa kwenye mkataba aliosaini kwao. Pasipoti inachukuliwa "kwa usalama". Saa za kazi ni kumi na mbili, ya ziada hailipwi ipasavyo. Anaweza kusema anataka kurudi? Anaweza, lakini deni linamsubiri nyumbani na pasipoti haiko mikononi mwake. Hakuna aliyemfunga mnyororo, na bado hawezi kuondoka. Shirika la Kazi Duniani lina viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, na hapa utavihesabu kadhaa kwa wakati mmoja: utumwa wa deni, kuzuiliwa hati, kuzuiliwa mshahara, udanganyifu, kutumia udhaifu wa mtu.

Kampuni nyingi hujibu kwamba ada ililipwa kwa wakala wa kule kwao, sisi hatukupokea chochote. Jibu hilo halitoshi tena. Kanuni inayokubalika sasa ni kwamba gharama za kuajiri hulipwa na mwajiri, na mwajiri anayejua kwamba wafanyakazi wake wanafika na madeni, akanyamaza, anavuna mfanyakazi asiyeweza kuacha kazi. Ndiyo faida ya kampuni ambayo kipimo cha pili kinaiulizia.

Ushahidi unaosimama kwenye kesi ya aina hii ni wa karatasi na wa kulinganisha. Mkataba wa nyumbani kando ya mkataba wa ugenini, mshahara kando ya mshahara. Stakabadhi ya wakala, au kama hakutoa stakabadhi (na mara nyingi hatoi), rekodi ya kutuma fedha kwa simu yenye tarehe na kiasi. Hati za mshahara za miezi kadhaa mfululizo, maana mwezi mmoja unaweza kuitwa kosa la uhasibu. Maelezo ya pasipoti inakaa wapi, nani ana ufunguo, na mtu akiiomba anaipata baada ya muda gani. Na yatoke kwa watu kadhaa, wa kambi tofauti, waliohojiwa mbali na msimamizi. Mfanyakazi mmoja mwenye hadithi ya kutisha humliza msomaji. Wafanyakazi kumi na wanane wenye hati za mshahara zinazofanana huonesha mfumo, na neno "kimfumo" kwenye miongozo linadai hilohilo.

Majina ya wafanyakazi yasiwemo kwenye barua. Picha za hati zifutwe namba na nyuso kabla ya kutumwa, na ile nakala isiyofutwa ikae mahali salama ikisubiri kuombwa. Hili si la kufanyia mzaha: anayelalamika akiwa Ghuba anaweza kurudishwa kwao kesho asubuhi, deni likiwa palepale.

Baada ya Baraza kupata taarifa, iwe kwa kufuatilia habari, kwa tafiti za sekta nzima linazoagiza, au kwa barua za mashirika na watu binafsi, huchuja. Maelfu ya kampuni yanashindana kwa muda wa watumishi wachache, kwa hiyo yanayopita ni mazito, yenye ushahidi na yanayoendelea. Kisha Baraza huiandikia kampuni na kuiomba nyaraka: sera zenu ni zipi, mmekagua nini, mmebadilisha nini tangu lini. Rasimu ya pendekezo hutumwa kwa kampuni ili itoe maoni kabla haijapitishwa. Kuna kampuni zinazorekebisha mambo hapohapo, na faili linaishia hapo bila ya dunia kujua. Miongozo imeweka pia meno kwa kampuni inayonyamaza: kukosekana kwa taarifa, na hasa kutotaka kuzitoa, kunaweza kuwa sababu ya kuhesabu hatari kuwa kubwa mno. Walmart, kampuni ya maduka ya Marekani, haikujibu ilipoandikiwa kuhusu wasambazaji wake na jinsi inavyowatendea wafanyakazi. Mwaka 2006 ikatengwa, balozi wa Marekani mjini Oslo akalalamika hadharani, na ikarudishwa 2019.

Hadi mwisho wa 2014 uamuzi ulikuwa wa Wizara ya Fedha. Tangu 2015 ni wa bodi ya benki kuu, Norges Bank, ambayo ndiyo inayousimamia mfuko, nayo ina njia tatu: kuitenga kampuni, kuiweka kwenye orodha ya uangalizi, au kuendelea kubaki na hisa na kuibana kama mwenye mali.

Njia hiyo ya tatu ndiyo inayogombaniwa. Ilipofanya kazi, ilifanya kazi vizuri. Mwaka 2006 Baraza lilipendekeza kampuni ya mbegu ya Monsanto itengwe kwa sababu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya mbegu za pamba India. Wizara ikasema benki ijaribu kwanza kuongea na kampuni, kwa malengo yanayopimika. Watoto mashambani wakapungua, na 2008 Baraza likaliondoa pendekezo lake. Kuna jambo moja lililoisaidia: kampuni ilikuwa na mikataba na wakulima wenyewe, kwa hiyo iliweza kuweka masharti, kukagua mashamba, na kuhesabu. Pale ambapo kampuni iko mbali na shamba kwa madalali wanne, mazungumzo yaleyale yangekuwa ni kupeana mikono tu.

Halafu kuna Delta ya Niger, Nigeria. Mwaka 2013 wizara iliiagiza benki ibane Shell na Eni kuhusu mafuta yanayomwagika, kwa muda wa miaka mitano hadi kumi, na AngloGold Ashanti kuhusu mgodi wa Obuasi, Ghana. Miaka kumi ni utoto mzima wa mtu anayekunywa maji ya vijito vya huko. Kwa maoni yangu mazungumzo yasiyo na tarehe ya mwisho, wala kipimo cha nusu ya njia, wala taarifa ya kila mwaka inayosomeka, ni kichaka cha kujifichia kwa pande zote mbili.

Bodi ikiamua kutenga, hisa huuzwa kimyakimya kwanza, na tangazo hutoka baada ya mauzo kwisha, ili bei isishuke mfuko ukiwa bado na mzigo mkononi. Kwa hiyo ukiona kimya cha wiki kadhaa, usihitimishe kwamba hakuna kilichoamuliwa. Kinachosahaulika na mifuko mingine inayoiga Norway ni hatua inayofuata: kampuni iliyotengwa huondolewa pia kwenye fahirisi ambayo mameneja wa mfuko hupimwa nayo. Usipofanya hivyo, meneja wako atakuwa analinganishwa na soko lenye kampuni ambayo umemkataza kuinunua, na kila ikipanda bei ataonekana ameshindwa kazi. Mwisho wa mwaka atakuja mbele ya bodi na chati inayoonesha kwamba maadili ni gharama, kumbe ni kosa la kupanga kipimo.

Kuuza kukichelewa sana, hakuna tena cha kuuza. Februari 2022 serikali ya Norway iliamua mfuko utoke Urusi, ambako mwishoni mwa 2021 ulikuwa na mali ya karibu bilioni 27 za krona. Soko la Moscow likafungwa kwa wageni, vikwazo vikaingia, na mali hiyo ikabaki kwenye vitabu kwa thamani ndogo sana. Nchi, tofauti na kampuni, haina hatua ya uangalizi inayokupa muda wa kujipanga.

Mpaka hapa nimeongelea mfuko kama mkaguzi wa kampuni. Nao pia hukaguliwa. Mwaka 2012 mashirika ya India, Korea Kusini, Uholanzi na Norway yalipeleka malalamiko kuhusu kampuni ya chuma ya POSCO, iliyotaka kujenga kiwanda kikubwa Odisha, India, kwenye ardhi ya maelfu ya wakazi. Hawakuishia kwa POSCO. Waliwalalamikia pia wenye hisa: mfuko wa pensheni wa Uholanzi, ABP, na mfuko wa Norway. Waholanzi walikaa mezani. Benki ya Norway ikasema miongozo ya OECD, jumuiya ya nchi zilizoendelea, kwa kampuni za kimataifa haimhusu mwenye hisa chache. Mei 2013 ofisi ya Norway inayoshughulikia malalamiko hayo ikaamua kwamba inamhusu, na kwamba benki ilikiuka miongozo kwa kukataa kushirikiana na kwa kutokuwa na mkakati wa haki za binadamu zaidi ya haki za watoto. Mwaka 2016 benki ikachapisha matarajio yake ya haki za binadamu kwa kampuni zote inazomiliki. Njia hii iko wazi dhidi ya wawekezaji wa nchi yoyote iliyojiunga na miongozo hiyo, na tofauti na Baraza, inaweza kuwakutanisha walalamikaji na kampuni uso kwa uso.

Kwa mifuko ya Afrika Mashariki hesabu ni nyingine. Fedha nyingi ziko kwenye hatifungani za serikali, na Kenya imeweka kikomo cha asilimia 15 kwa uwekezaji wa nje. Orodha ya kampuni zilizotengwa haitabadilisha mengi hapo. Uzito uko kwenye majengo na miundombinu ambayo mfuko ni mjenzi wake. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, NSSF ilichangia asilimia 60 ya gharama na serikali 40. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa za 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu, mwenye asilimia 1.5 ya hisa kwa kawaida ana "uhusiano" tu na madhara, lakini mwenye mradi anaweza kuwa ndiye anayeyasababisha au kuyachangia, na anayesababisha hudaiwa kuacha na kufidia. Mdhamini wa mfuko anayesaini mkataba wa ujenzi ana chombo ambacho Oslo hawana: kifungu kinachosema malipo ya awamu hayatoki mpaka fidia ya ardhi ithibitishwe na mishahara ya vibarua ionekane. Na kwa ile asilimia chache iliyoko nje, aulize jambo moja kabla ya jingine lolote, kama fedha yake iko kwenye akaunti yake yenyewe au kwenye kapu la pamoja na wawekezaji wengine. Ikiwa kapuni, hawezi kuondoa kampuni hata moja.

Turudi kwenye barua ya malalamiko. Kurasa tatu zinatosha. Ukurasa wa kwanza uandike jina kamili la kampuni iliyoorodheshwa na soko lake, mnyororo wa umiliki mpaka kwenye eneo la tukio, na sentensi mbili za nini kinaendelea sasa. Wa pili, ushahidi kwa tarehe, ukitenganisha ulichokiona, ulichoambiwa na ulichokisoma. Wa tatu, kampuni iliambiwa lini, na nani, ikajibu nini. Hapa ndipo "ilijua" inapothibitika, kwa hiyo iandikie kampuni kwanza na utunze nakala. Viambatisho vije na namba. Matusi, siasa za nchi na historia ya ukoloni, hata kama ni kweli tupu, viache nje.

Na muda wenyewe una mushkeli wake kwa sasa. Agosti 2025 mfuko ulitenga Caterpillar, kampuni ya mitambo ya Marekani, pamoja na benki tano za Israel kwa sababu ya maeneo ya Palestina, na serikali ya Marekani ikaonesha kukerwa. Novemba mwaka huohuo Bunge la Norway likaamua utengaji mpya kwa misingi ya maadili usimame wakati kamati ikiipitia upya miongozo, serikali ikieleza hofu kwamba vigezo vilivyopo vingeweza kuulazimisha mfuko kuuza kampuni kubwa za teknolojia za Marekani, ambazo ndizo hisa zake kubwa kuliko zote. Maana yake kwa mwandishi wa barua ni kwamba njia ya mazungumzo ya mwenye hisa ndiyo iliyobaki wazi. Barua iongezwe basi mambo mawili: ombi mahususi ambalo benki inaweza kuipa kampuni, kama kurejesha ada za wakala kwa wafanyakazi wote waliolipa, na tarehe ya mkutano mkuu ujao wa kampuni. Benki huchapisha siku tano kabla ya mkutano jinsi itakavyopiga kura, kwa hiyo barua inayofika wiki ya mkutano imechelewa. Itume miezi mitatu kabla.